Boksi nililomtumia mama lilivyogeuka moshi

Desemba 2024 nilirudi nyumbani Tanga kwa likizo, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Asubuhi ya pili niliamshwa na harufu. Haikuwa ya chai ya tangawizi wala ya maandazi. Ilikuwa ile harufu kali ya plastiki inayoungua, ambayo ukishaivuta inakukaa kooni mpaka mchana.

Nikatoka uani. Mama alikuwa ameinama mbele ya jiko la mkaa, anapepea. Katikati ya mkaa alikuwa amechomeka nailoni yenye vipovu, ile inayofungiwa vyombo visivunjike njiani. Ilikuwa inayeyuka na kudondoka matone yenye moto, na moshi mweusi ulikuwa unapanda moja kwa moja usoni mwake.

Niliitambua ile nailoni. Kwenye kipande kilichokuwa bado chini kulikuwa na mkanda wa gundi, na juu ya mkanda mwandiko wangu mwenyewe kwa kalamu nyeusi: VIKOMBE, TARATIBU.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka? Ngoja chai, moto unashika sasa hivi. Hizi nailoni zako zinanisaidia sana, siku hizi hata mafuta ya taa sinunui."

Kisha akakohoa. Si kikohozi cha kusafisha koo. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

Mimi ni muuguzi. Diploma niliipata nyumbani, shahada nimeisomea hapa Uingereza, na kwa sasa nafanya kazi Birmingham katika wodi ya magonjwa ya mfumo wa upumuaji. Kusikiliza watu wakikohoa ndiyo kazi yangu. Nilichokisikia pale uani nilikuwa nimeshakisikia mara nyingi, kwa wazee Waingereza waliovuta sigara miaka arobaini. Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja.

Boksi na heshima yake

Kama unaishi ughaibuni, boksi unalijua. Mwaka mzima linakaa kwenye kona ya chumba au chini ya ngazi. Kila nguo ya mtoto inayobana inaingia humo. Viatu vya punguzo la Januari vinaingia humo. Birika la umeme ulilobadilisha, pasi ya zamani, simu mbili ambazo betri haikai, chaja ambazo hujui ni za nini. Likijaa, unampigia wakala, linapimwa, unalipa, linapanda meli. Baada ya miezi miwili au mitatu unapigiwa simu yenye vigelegele.

Nilikuwa natuma maboksi mawili kwa mwaka. Sikuwahi kujiuliza yakishafunguliwa kinafuata nini. Kwenye likizo ile nikajionea.

Chumba ambacho zamani tulilala sisi watoto kilikuwa kimejaa. Birika tatu za umeme, moja ndiyo nzima, nayo haitumiki kwa sababu inakula luku. Chaja na nyaya kwenye ndoo. Nguo za baridi ambazo hakuna mtu Tanga atakayezivaa. Mama hakutupa kitu. "Nitupeje, mwanangu, na wewe umetoa jasho lako?"

Nyuma ya nyumba, karibu na mnazi, kulikuwa na shimo jeusi. Mambo mengine yalikuwa yanaishia pale: maboksi yenyewe, vifungashio, nguo zilizochanika, viatu vya mpira. Gari la taka hupita siku likipita, kwa hiyo jioni mtu anamwaga, anawasha, anaondoka. Binti wa kaka yangu, wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akipewa kazi hiyo. "Shangazi, soksi zako zinaungua rangi ya kijani," aliniambia, kama jambo la kufurahisha.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anawashia jiko kwa makumbi ya nazi. Nazi zipo bado, na makumbi yapo. Lakini nailoni inashika haraka zaidi, na nailoni nilikuwa naileta mimi.

Kikohozi cha mama

Tulikwenda hospitali wiki ile ile. Kwanza walimpima kifua kikuu, na ndivyo inavyotakiwa kwetu kwa mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili. Hakuwa nacho. Baadaye akapulizishwa kwenye kile kifaa kinachopima mapafu yanaweza kutoa hewa kiasi gani, na kwa kasi gani. Daktari alipotuonyesha mchoro sikuhitaji kuelezwa. Njia za hewa zilikuwa zimebana, na dawa ya kuzifungua iliziachia kidogo tu.

Ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Tofauti na pumu, ambayo huja na kuondoka, huu ukishaingia hauponi. Unaweza kupunguzwa kasi. Mama ana miaka 64 na amepika kwa mkaa na kuni tangu akiwa msichana. Sitadai kwamba nailoni zangu ndizo zilizomletea ugonjwa. Moshi wa miaka hamsini ndio uliofanya kazi hiyo. Lakini kwa mapafu yaliyokwisha kuchoka, kila asubuhi ya plastiki ni kama kummwagia maji mtu anayezama.

Daktari alimwandikia inhela, kisha akasema sentensi moja ambayo ndiyo tiba yenyewe: "Mama, uachane na moshi."

Moshi ule una nini

Niliporudi Birmingham nilirudia vitabu vyangu. Nikueleze kwa ufupi, kwa lugha ambayo nilitumia kumweleza kaka yangu.

Moshi wa mkaa na kuni una hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Una pia chembe ndogo sana. Zile zinazotutia wasiwasi zaidi zina upana wa chini ya mikroni 2.5, ukizipanga kama thelathini ndipo utafikia upana wa unywele mmoja. Kwa udogo huo pua haizizuii. Zinafika mwisho kabisa wa mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi wa jikoni hauleti kikohozi tu. Unaleta pia kiharusi, magonjwa ya moyo, saratani ya mapafu, na nimonia kwa watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Ukiongeza plastiki, unaongeza masizi na kemikali nyingine. Mbaya zaidi ni plastiki ya PVC, ile ya mabomba, ya ngozi bandia na ya kuvikia nyaya za umeme. Ikiungua hutoa asidi inayochoma koo na macho, na hutoa dioksini. Dioksini ni sumu inayohusishwa na saratani, na haiishii hewani. Inatua kwenye udongo, kuku anadonoa, inaingia kwenye yai, na yai linaliwa na mtoto.

Na soksi za kijani? Nguo nyingi za siku hizi ni plastiki. Poliesta hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani sasa ni poliesta. Ukichoma jezi au sweta la bei rahisi, unachoma petroli iliyofumwa.

Nani anachafua?

Hapa lazima niseme jambo moja, kwa sababu nisipolisema makala hii itakuwa ya kumlaumu mama yangu, na hiyo haitakuwa haki.

Ukichukua hewa ukaa inayotokana na petroli, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa takriban robo tani kwa mwaka. Mtu anayeishi Uingereza hutoa kati ya tani nne na tano. Ndege niliyopanda mimi kwenda kumsalimia mama na kurudi, kwa abiria mmoja wa daraja la kawaida, ilitoa zaidi ya tani moja. Kwa safari moja ya likizo nilitoa kiasi ambacho Mtanzania wa wastani angehitaji miaka minne au zaidi kukitoa.

Siandiki hivi ili tuache kwenda kuwaona wazazi. Mimi nitakwenda tena, Mungu akipenda. Ninasema ili tujue tumesimama wapi tunapofungua mdomo kuwafundisha watu wa nyumbani kuhusu mazingira. Anayechafua sana anaishi mbali na moshi. Asiyechafua sana ndiye anayeuvuta.

Hata ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa, ambao tunawalaumu nao, una hesabu yake. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kati ya kilo tano na kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo gunia moja la mkaa ni magunia mengi ya msitu. Lakini mama hanunui mkaa kwa kupenda. Ananunua kwa sababu unapatikana kwa kopo, kwa pesa iliyopo mkononi siku hiyo. Gesi inataka uwe na pesa ya mtungi mzima kwa siku moja.

Taka zilipogoma kuondoka

Nilikuwa na mawazo hayo kichwani wakati jambo lilipotokea mtaani kwetu huku. Machi 2025 wazoa taka wa Birmingham waliingia kwenye mgomo kamili. Kufikia mwisho wa mwezi ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za taka zilikuwa zimerundikana mitaani. Mifuko myeusi ilifika kiunoni. Panya walitembea mchana.

Majirani walikasirika, nami pia. Lakini kitu kimoja kilinishika. Kwa miaka yote niliyoishi hapa nilikuwa nikiamini kwamba Waingereza ni wasafi na sisi ni wachafu. Kumbe usafi wenyewe ulikuwa lori la kila wiki. Lori lilipoacha kuja, nyumba yangu ya watu watatu ilitoa mifuko minne kwa wiki, na karibu yote ilikuwa vifungashio: plastiki ya matango, plastiki ya nyama, plastiki iliyofunga plastiki nyingine. Mama na familia ya kaka yangu, watu saba, hawafikishi mfuko mmoja.

Hata lori likija, hadithi haiishi. Dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka, na katika taka zote za plastiki ni kama asilimia 9 tu ndizo zinazogeuzwa kuwa kitu kingine. Zilizobaki zinafukiwa, zinachomwa, au zinapotelea kwenye mito na bahari. Ukisimama Raskazone maji yakitoka, utaona sehemu ya hesabu hiyo imekwama kwenye mawe.

Kazini: glovu na inhela

Siwezi kuongelea uani kwa mama nikanyamaza kuhusu wodini kwangu.

Nilipokuwa nasomea diploma, glovu zilikuwa mali. Mjamzito alikuja kujifungua na glovu zake kwenye kikapu, pamoja na wembe na uzi. Tulijifunza kuuliza kabla ya kuvaa: hapa kuna damu? Kuna majimaji ya mwili? Kama hakuna, unanawa mikono vizuri na kufanya kazi.

Nilipofika Uingereza nikakuta boksi la glovu kila ukuta. Baada ya miezi sita nami nilikuwa navaa glovu kumpelekea mgonjwa chai. Mwaka 2018 wauguzi wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walianzisha kampeni ya kukumbushana lini glovu zinahitajika na lini hazihitajiki. Katika mwaka wa kwanza walipunguza tani 21 za plastiki, bila kuhatarisha wagonjwa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Ilikuwa ni somo la mwaka wangu wa kwanza nyumbani, nililolisahau kwa sababu ya wingi.

Jambo la pili linawagusa wazazi wengi wanaosoma hapa. Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana pumu. Anatumia ile inhela ya bluu ya kubonyeza, pamoja na chemba. Gesi inayosukuma dawa kwenye aina hiyo ya inhela hushika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Inhela peke yake ni kama asilimia 3 ya gesijoto zote za huduma ya afya ya taifa Uingereza.

Tafadhali nisome vizuri hapa: usimpunguzie mtoto wala mzee inhela kwa ajili ya mazingira. Pumu inaua, na shambulio moja la kulazwa hospitali linachafua kuliko inhela nyingi. Ila kuna mambo matatu ya kumuuliza muuguzi wa pumu au mfamasia:

Kwanza, kama mtu anaihitaji ya bluu mara kwa mara, pumu yake haijadhibitiwa. Pengine hatumii ile ya kinga kila siku, au anaivuta vibaya. Mwanangu alikuwa hivyo. Tuliporekebisha ya kinga, ya bluu ikawa inakaa mfukoni wiki nzima.

Pili, zipo inhela za unga ambazo hazina gesi. Zinahitaji pumzi yenye nguvu, kwa hiyo hazimfai mtoto mdogo wala mzee aliyedhoofika, lakini vijana na watu wazima wengi zinawafaa. Mwongozo wa pumu uliotolewa Uingereza Novemba 2024 hauwashauri tena wenye miaka 12 na kuendelea kutegemea inhela ya bluu peke yake.

Tatu, iliyokwisha irudishe duka la dawa. Ndani bado kuna gesi, na ukiitupa kwenye pipa itavuja polepole.

"Mtungi nani atauona?"

Nilifikiri sehemu ngumu ingekuwa pesa. Ngumu ilikuwa heshima.

Kabla sijaondoka Tanga nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la plate mbili. Mama alishukuru. Mwezi wa pili nikampigia, nikauliza gesi inakwendaje. "Ipo." Ipo vipi? "Ipo, mwanangu. Nimeifunika kitambaa." Alikuwa anaihifadhi kwa ajili ya wageni. Na alikuwa anaiogopa, maana mtaa wa pili nyumba iliwahi kuungua kwa gesi.

Nikamweleza kwamba boksi la Juni halitakuja. Nitatuma pesa ya kujaza mtungi badala yake. Simu ikanyamaza. Kisha akasema, "Sawa. Lakini boksi likija mtaa mzima unajua mwanangu ananikumbuka. Mtungi nani atauona?"

Sikuwa na jibu. Nilikata simu nikalia, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Lile boksi sikulituma kwa ajili yake tu. Nililituma ili nami nisionekane nimepotea Ulaya. Nusu ya vilivyokuwa ndani vilikuwa vitu ambavyo huku ningelazimika kupanga foleni kwenye kituo cha taka kuvitupa. Nilivifunga kwa nailoni na kuviita zawadi.

Aliyetuokoa ni wifi yangu, mke wa kaka. Yeye hakuongea kuhusu mapafu wala hewa ukaa. Alimwambia mama, "Mama, gesi inapika chai kabla muadhini hajamaliza. Unawahi sala na nguo hazinuki moshi." Kisha akakaa naye asubuhi tatu mfululizo, akamwonyesha kufungua, kuwasha na kufunga.

Mambo tuliyobadilisha

Nayaandika hapa kwa familia zinazotaka kujaribu. Hatukuyafanya yote kwa siku moja.

*Boksi.* Sasa natuma moja kwa mwaka, na kila kinachoingia kimeombwa na mtu kwa jina. Hakuna kifaa cha umeme kibovu. Kifaa kilichokufa ni taka popote kitakapopelekwa, na tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka za umeme za aina zote zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Vyombo navifunga kwa khanga na taulo mpya. Mama anapata khanga, nailoni haipo.

*Gesi.* Kila mwezi wa pili namtumia wifi pesa ya kujaza mtungi, mbali na pesa ya matumizi, ili isiingie kwenye dagaa. Nilijumlisha: gharama ya kusafirisha boksi moja inajaza mtungi kwa miezi mingi. Gesi nayo inatokana na petroli, sikatai, lakini haitoi masizi yale, na haikati mti. Serikali ya Tanzania yenyewe ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi midogo na wauzaji wanazidi kupatikana mitaani.

*Usalama.* Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Kagua mpira kwa povu la sabuni. Likitoa mapovu, unavuja. Usikague kwa kiberiti hata siku moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa. Mwisho wa kupika, funga mtungini, si kwenye jiko tu.

*Maharage.* Hapa ndipo gesi inapoliwa. Yaloweke usiku kucha, na upike ya siku tatu kwa mara moja.

*Moto wa mkaa.* Ukibidi kuwashwa, uwashwe nje, kwa makumbi, vifuu au vijiti vikavu. Si kwa plastiki, si kwa kipande cha ndala, si kwa chupa. Watoto wadogo wakae mbali, na anayekohoa asipepee.

*Shimo la nyuma.* Kaka alianza kutenga chupa za maji, na sasa vijana wanaookota chupa hupita kuzinunua kwa kilo. Mabaki ya chakula yanakwenda kwenye migomba. Kilichobaki ni kidogo, kinasubiri gari. Binti yake amestaafishwa kazi ya kuchoma.

*Wanafunzi na wasafiri.* Usifike uwanja wa ndege na mifuko ya plastiki ya kubebea. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Funga vitu vyako kwa kitambaa. Na kama umepanga kwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka kwa wiki moja moja, fikiria kwenda mara moja ukakaa wiki tatu. Mzazi atafurahi zaidi, na ndege itakuwa moja.

Alipofikia mama

Ningependa kuandika kwamba mama amepona. Hajapona, na hatapona. Akipanda ngazi anapumzika katikati. Maharage bado anayapika kwa mkaa, kwa sababu anasema ya gesi hayana ladha, na juu ya hilo nimeshindwa. Anawashia makumbi.

Lakini kikohozi cha asubuhi kimepungua. Mwaka mzima hajalazwa. Wiki iliyopita alinipigia kwa picha, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, chai inachemka nyuma yake kwa moto wa bluu. Mjirani wetu mmoja alikuwa amekaa pale na kikombe mkononi.

"Msalimie mwanangu," mama akamwambia. "Ndiye aliyeninunulia hili jiko."

Nikamwuliza yule mama yeye anapikia nini. Akacheka, akasema bado anapepea. Mama akadakia kwamba Jumamosi atamfundisha.